Rafiki Yangu Asiyejua Kupika

Temeke, 8 Juni 1951

Kwa mke wangu Bi Mwanaasha, aliye Mbwamaji kwa kaka yake.

Salamu nyingi kwako, na zinazobaki mpe Shemeji Sadallah anayekusomea. Shemeji, soma kama nilivyoandika, usitie la kwako, na ukifika penye mambo ya mke na mume kohoa kidogo upite.

Mie mzima. Leo ni siku ya tatu tangu tuanze kufunga. Uliondoka mwezi haujaandama, ukaniambia mguu wa Shemeji umevimba unakwenda kumuuguza. Nikasema sawa, ndugu ni ndugu. Lakini nimefungua sanduku lako nimekuta kanga moja tu, ile kuukuu iliyochanika pindo. Nikajiuliza ni mguu gani huo unaouguzwa kwa kanga kumi na mbili.

Utarudi lini? Sikuulizi kwa njaa. Unajua desturi yetu hapa mtaani: adhana ya magharibi ikilia kila nyumba inatoa sinia lake barazani, wanaume tunakaa mkeka mmoja, mkono wa huyu kwenye sinia la yule. Langu linatoka kama la wengine. Usiulize linatoka wapi. Nashiba, Alhamdulillahi.

Sasa nina shida ndogo, wala si yangu. Pale karakana Chang'ombe ninaponoa misumeno yuko rafiki yangu mmoja, mkewe kasafiri. Maskini, hata moto wa kuni hajui unaanzia wapi. Ananisumbua kila siku nimuulizie kwako: mihogo ya nazi inapikwaje? Mweleze polepole, kichwa chake kizito. Jina lake nalificha kwa kuwa ana haya.

Barua hii anakuja nayo Mwajabu muuza nazi, na majibu mpe yeye.

Mumeo,
Kondo

* * *

Mbwamaji, 11 Juni 1951

Kwa Bwana Kondo, Temeke.

Barua yako imefika. Anayeandika ni kaka Sadallah, maneno ni yangu mwenyewe.

Mguu wa kaka ni mzima. (Kweli, Shemeji. Niliposoma kwamba umevimba niliitazama yote miwili. — Sadallah.) Nilikudanganya, na nimekudanganya mara moja tu katika miaka thelathini na moja, kwa hiyo usinihesabie.

Unajua siku ya vunjajungu ni siku gani. Ni mlo wa mwisho wa mchana kabla ya kufunga, na hata mtu mkorofi namna gani siku ile hula kwake. Nilianza kupika alfajiri. Nilipika wali wa nazi, kuku wa kupaka, na zile mbaazi unazosema unazipenda. Ukaja alasiri unacheua. Ukafunua kawa, ukanusa, ukafunika. Ukamwambia Mzee Pazi pale barazani kwamba umekula na wenzako wa karakana kwenye hoteli ya Kornelio, na kwamba pilau ya Kornelio ukishaila huna haja na chakula kingine mpaka mwezi uishe. Mie nipo uani nasikia. Mzee Pazi akacheka. Ningekuwa na mahali pa kujificha ningejificha.

Na si siku ile tu. Mwaka mzima huu unarudi umeshiba. Basi endelea kula kwa Kornelio. Mie sirudi, na usiniulize lini.

Rafiki yako hana kosa kwangu, kwa hiyo mwambie hivi. Mihogo aimenye, aitoe ule uzi wa katikati, aikate vipande vya kidole. Achemshe kwa maji na chumvi mpaka ikubali kuchomwa na njiti. Nazi akune, asifike kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi. Tui jepesi litangulie, tui zito liwe la mwisho, na hapo akoroge asiache mpaka lichemke. Asiende popote. Tui likikatika haliungiki tena.

Mwanaasha

* * *

Temeke, 14 Juni 1951

Mke wangu Mwanaasha,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Kuhusu vunjajungu sikatai. Nilikula kwa Kornelio. Lakini wenzangu walinishika mkono, ningewakatalia vipi? Na Kornelio mwenyewe mtu wa bara, Mkristo, hajui vunjajungu ndiyo nini. Alivyotuona tumejaa tunaagiza nyama mara mbili mbili akaniuliza pembeni, "Mzee, nani anaoa?" Kuhusu maneno niliyomwambia Pazi, nilikuwa nafanya mzaha. Unanijua, mdomo wangu huwa unatangulia barabarani, mie mwenyewe nabaki nyuma natafuta viatu.

Basi yaishe, urudi.

Rafiki yangu amejaribu mihogo. Tui limekatika. Anaapa kwamba alikoroga, lakini mie nadhani alikwenda kuchungulia barabarani. Chini ikashika, juu ikawa mibichi, katikati ndipo palipolika, vijiko kama vitatu. Sasa anauliza mambo manne. La kwanza, sufuria iliyoshika inasuguliwa kwa kitu gani. La pili, mtu afanyeje asikae kwenye moshi. La tatu, mtu akikwaruzwa vidole na mbuzi ya kukunia nazi anatia dawa gani. La nne, je, kila mwanamke anapata tabu hii kila siku, au ni yeye tu?

Nimemwambia la nne asiulize, lakini ameshikilia.

Kondo, mumeo bado

* * *

Mbwamaji, 17 Juni 1951

Bwana Kondo,

Sirudi. Nakuandikia kwa ajili ya yule maskini.

Sufuria asugue kwa majivu na kumbi la nazi. Vidole avipake mafuta ya nazi, vitapona vyenyewe. Moshi hauna dawa, unakaa nao. Na hilo la nne mwambie ndiyo, kila siku.

Asife moyo. Mie nilipoolewa niliunguza wali wiki nzima. Mume wangu aliula wote. Alisema ndivyo anavyopenda, wenye kushika chini, akanitaka nimpe ukoko. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikaamini. Sijui huyo mtu alikwenda wapi.

Mwambie rafiki yako akishamudu mihogo ajaribu magimbi, halafu mbaazi. Mbaazi alaze majini usiku kucha. Akizidiwa, aulize tena, sichoki.

Mwanaasha

(Shemeji, dada amecheka aliposikia habari ya vijiko vitatu, mara ya kwanza tangu aje. Hajui kama nimekuandikia hili. — Sadallah.)

* * *

Mbwamaji, 22 Juni 1951

Kwa Kondo.

Sina salamu. Mwajabu amerudi jana, ameniambia yote.

Ameniambia unanunua nazi mbili kila siku. Mwanamume mmoja anayekula hotelini, nazi mbili za nini? Ameniambia moshi unatoka jikoni kwangu kila alasiri. Alibisha hodi akuulize kama una barua, ukafungua mlango kiasi cha pua kupita, ukapokea nazi ukafunga, na ndani kunanukia mbaazi. Alipozunguka nyuma akaona uani kwangu kanga imeanikwa, inadondoka maji. Na barazani, anasema, Mzee Pazi na wenzake wanalamba vidole, wanakuuliza nani anapika, wewe unacheka tu unashika ndevu.

Nimekaa na hayo usiku na mchana. Halafu nikakumbuka rafiki yako.

Kondo, kuoa si haramu. Ungeniambia. Lakini uliniandikia uniulize mihogo inapikwaje, na mie kwa mdomo wangu nikasema toa uzi, koroga usiache, laza mbaazi majini. Nikampa na dawa ya vidole. Nikamwambia asife moyo. Kumbe namfundisha mwenzangu akupikie kama mie, kwenye chungu changu, kwenye mafiga yangu.

Hilo hata adui hafanyi.

Nipe talaka yangu. Iandike kwenye karatasi, umpe Mwajabu. Vyombo simwachii, nitakuja na kaka kuvichukua baada ya Idi.

Mwanaasha binti Mwinyikondo

(Shemeji, mie sina la kuongeza. — S.)

* * *

Temeke, 24 Juni 1951

Mke wangu,

Talaka sikupi. Karatasi ninayo na wino ninao, ila mkono umejaa vidonda vya mbuzi, na mkono huo ndio majibu yangu yote. Shemeji, hapa usikohoe, soma yote, wala usikimbie.

Rafiki yangu ni mie.

Nikueleze tangu mwanzo. Siku ya kwanza ya kufunga nilikwenda kwa Kornelio nikanunua maharage na chapati, nikamimina kwenye sinia letu, nikafunika kwa kawa lako, nikatoka nalo barazani kama mtu aliyepikiwa. Mzee Pazi akatia tonge moja. Akatafuna. Akaomba maji, halafu mkono wake ukahamia sinia la jirani. Wa pili naye hivyo. Afadhali wangenitukana, Mwanaasha. Sinia langu lilirudi ndani kama lilivyotoka. Nikaliweka chini pale uani, nikafunua kawa, nikatazama chakula ambacho hakuna mtu aliyekitaka. Hapo ndipo nilipokumbuka vunjajungu. Nilikaa nacho mpaka kikapoa.

Ndipo nikakuandikia ile barua ya kwanza. Nilitaka kuandika kwamba nimekosa. Kalamu ikaandika mihogo.

Siku nilipounguza nilisema naumwa tumbo, sikutoka barazani. Siku ya nne ya kujaribu mihogo ilikubali. Waliila mpaka wakafuta sinia kwa vidole. Pazi akauliza, "Kondo, nani huyo?" Hapo ndipo kosa langu lilipo. Ningejibu "mie" mambo yangekwisha. Nikacheka. Mzee wa miaka sitini na mitatu akidhaniwa ana mke mpya, mke wangu, magoti yanaacha kuuma. Nikawaacha wadhani. Sikufikiri maneno yanajua njia ya Mbwamaji.

Kanga uliyosikia habari zake ni yako, ile ya pindo lililochanika. Naifunga kiunoni nikikuna nazi, maana tui liliruka kwenye shuka langu na wazee wangeliona. Nikimaliza naifua. Mwajabu alipobisha hodi nilikuwa nimejifunga hiyo kanga, na machicha ya nazi kwenye ndevu. Ungekuwa wewe ungefungua mlango?

Sasa nikwambie nilichokiona jikoni kwako, mahali ambapo katika miaka thelathini na moja nimeingia mara mbili, zote nikitafuta kiberiti.

Figa la kushoto linacheza, chungu kinainama, lazima ukishike kwa mkono mmoja ukikoroga kwa mwingine. Hukuniambia. Upepo huu wa kusi ukivuma alasiri moshi haupandi, unakwenda moja kwa moja usoni mwa mtu aliyekaa kwenye kibao. Miaka yote hii nikirudi nikikuona una macho mekundu nilidhani una hasira, nikawa natoka zangu kwenda barazani mpaka zipoe. Na kingine. Nikishapakua, kile kizuri chote kinakwenda nje kwenye sinia. Ninaporudi nakuta kilichobaki chunguni, nakaa kwenye kibao nakila, kimeshapoa. Siku ya kwanza nilidhani nimepakua vibaya. Siku ya tano nikajua kwamba ndivyo ulivyokuwa ukila wewe, tangu Mjerumani hajasahaulika mpaka leo, na siku nilizorudi nimeshiba ulikuwa unanisubiri ndipo ule.

Figa nimelichimbia upya. Ukuta wa upande wa kaskazini nimeutoboa tundu kwa msumeno wa karakana, moshi unatoka huko. Si zuri kutazama, lakini linatoa moshi.

Na jana, masinia yalipowekwa, kabla mkono wa mtu haujagusa langu, nikasema: "Jamani, hili nimepika mie, kwa mikono hii. Huyo mwanamke mnayemtafuta ndiye huyu hapa, mtazameni vizuri." Walicheka mpaka Pazi akapaliwa na tende. Mmoja akaniita Bi Kondo, na nadhani jina litakaa. Halafu wakala. Leo asubuhi Pazi kaja karakana, kanivuta pembeni, kaniuliza tui zito linatiwa lini. Anasema anayetaka kujua ni rafiki yake.

Kama huniamini mtume Mwajabu. Safari hii nitafungua mlango wote.

Kosa ni langu. Nimeandika.

Kondo

* * *

Mbwamaji, 29 Juni 1951

Mume wangu,

Sikukuamini. Mtu anayeweza kubuni rafiki anaweza kubuni na vidonda. Nikamtuma Mwajabu.

Amerudi jana, akatua kapu lake hapa kizingitini akacheka kwanza, mie nimesimama namngoja. Anasema alikukuta umeikalia mbuzi ya nazi kiupande kama mwanamke aliyepakiwa juu ya punda, kanga kiunoni, jasho linakutiririka, unaitukana nazi kwa majina ya baba zake. Anasema alikuonyesha namna ya kukaa, ukamwambia kila fundi ana mtindo wake. Anasema tundu la ukutani ameliona, paka anapita bila kuinama. Vidole vyako pia ameviona.

Mbona ulikuwa hupaki mafuta, na nilikwambia?

Nami nina langu la kusema. Kaka amenitazama kuona kama nitasema, na nasema. Nilipofunga mzigo sikutaka ule kwa Kornelio, nilitaka unifuate. Siku ya kwanza nilikaa natazama njia. Siku ya pili vilevile. Ya sita ikaja barua, ina habari za mihogo. Nilitaka kuichana. Kaka akasema tusome yote, huenda kuna neno mwishoni. Hapakuwa na neno. Nikajibu kwa sababu maandishi ni yako.

Na huku napikiwa na wifi, chakula chake kizuri, ananiwekea nyama juu. Nakaa kama mgeni. Mikono haijui iwekwe wapi.

Sasa sikiliza. Idi mosi nitakuja. Nitabisha hodi kama mgeni, na usiniache nishike mwiko. Pika wewe. Nitakula, nitatazama jiko, halafu nitasema kama nabaki au narudi na lori la jioni. Si kwa hasira. Nataka nijue kama ulikuwa unapikia baraza au ulikuwa unapikia nyumba. Ramadhani ikiisha masinia hayatoki tena nje, hakuna wa kukusifu, na Kornelio atafungua tangu asubuhi.

Usimwambie mtu kama nakuja.

Mwanaasha

* * *

Temeke, 9 Julai 1951

Kwa kaka yangu Sadallah, Mbwamaji.

Salamu kwako na kwa wifi na watoto. Anayeandika ni Kondo, maneno ni ya Mwanaasha. Nimemwambia asipunguze kitu.

Nilifika Idi mosi saa tano. Nikabisha hodi. Akafungua, amevaa kanzu, juu yake kanga imefungwa. Akanikaribisha kama hajawahi kuniona, akanipa maji ya kunawa, akaniuliza safari ilikuwaje na kwetu wanasemaje. Nikajibu kama mgeni. Nikaona maji yanamwagika nje ya bakuli akimimina. (Birika lilikuwa zito. — Kondo.)

Chakula alikuwa ameshapika. Wali wa nazi, kuku wa kupaka na mbaazi. Alikuwa bado hajapakua, watu wa barazani wakaanza kumwita. Siku ya Idi, kaka, unajua wanaume wanavyoketi pamoja, na Mzee Pazi alikuja mpaka mlangoni akisema, "Bi Kondo, toa sinia, tumeshanawa." Kondo akamjibu kwamba leo anakula ndani na mgeni. Pazi akauliza ni mgeni gani huyo mkubwa kuliko baraza. Kondo akamfungia mlango taratibu. Nilimsikia Pazi akiondoka anawaambia wenzake kwamba mambo ya humu ndani ameshayachoka.

Tukatandika mkeka uani. Mimi nilijua atanipakulia, kisha akae pembeni kutazama uso wangu, au atoke. Hakufanya hivyo. Aliweka sinia moja katikati, akakaa upande wa pili, akatia mkono pamoja nami. Tangu tuoane hatujala sinia moja mchana wa Idi. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwa kuku.

Andika hili pia, Kondo. Kuku aliiva, na upakaji wake si mbaya. Mbaazi zilikuwa nzuri kweli. Wali haukuwa wali. Juu bokoboko, katikati kiini, chini umeungua kwa kuwa alipalia makaa mengi. (Makaa yalikuwa ya kawaida. Kuni ndizo zilikuwa mbichi. — K.) Akaniuliza umekuwaje. Nikamwambia haukuiva. Akasema basi nile kuku, wali niuache, haidhuru. Nikamwambia mie sijazoea kufunika chakula cha mtu. Nikaula, kaka, wote ulioelekea upande wangu, na yeye akaula ulioelekea upande wake, mpaka sinia likaonekana rangi.

Lori la jioni lilipita. Tulilisikia linapiga honi kule kwenye barabara ya Chang'ombe. Akanitazama, akaniuliza kama ndilo. Nikamwambia ndilo. Akasema, "Bado hujasema." Nikamwambia kwanza nataka kuona huo moto unavyowashwa na mtu aliyetoboa ukuta wangu bila ruhusa. Akaenda akawasha, nami nikakaa kwenye kibao. Macho hayakuniuma.

Tangu juzi anarudi alasiri anakuna nazi, mie napika. Leo asubuhi amepeleka chakula karakana, nimemfungia kwenye bakuli kwa kitambaa, wenzake wamemcheka njia nzima. Amesema Kornelio mwenyewe alikuja kuonja akataka kujua mbaazi zinapikwaje. Nimemwambia akimweleza simpikii tena.

Kaka, ahsante kwa kunisomea na kuniandikia, na kwa kunyamaza pale palipotakiwa unyamaze. Kile chumba mlichonipa wewe na wifi, kitanda kitoe. Tia humo mahindi yako, msimu umefika.

Dada yako,
Mwanaasha

(Hilo la mahindi, Shemeji, amelisema mara moja. Nimemwomba alirudie, akalirudia. — Kondo.)